Duka la nyuzi la Mchangani: nyota nne, ya tano nimeizuia kwa ajili ya rangi ya maziwa

Duka halina kibao. Ukishuka Darajani, mjini Unguja, ukaingia njia ya Mchangani, upite wauza kanga na wauza mapazia, utaona mlango wa mbao uliofunguliwa ubao mmoja tu, na ndani mzee amekaa kwenye kigoda, nyuma yake rafu za nyuzi mpaka darini. Wakishaingia wateja watatu, wa nne asubiri barazani. Mimi ni mteja wake wa miezi miwili hivi, na katika hiyo, wiki tatu za mwanzo sikulitia mguu duka lenyewe.

Mwanangu wa kwanza ana wiki 11 leo. Nashona kofia ya viua, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi. Namshonea baba yake, nilimuahidi kabla ya ndoa, na ndoa sasa ina miaka miwili. Kila Ijumaa anavaa kofia ya mashine, anajitazama kwenye kioo, kisha ananitazama mimi. Hasemi kitu. Afadhali angesema.

Kabla ya kuzaa nilikuwa nasuka ukili wa mikeka, nikadhani nitaendelea nao. Wapi! Ukindu ukishaurovya unataka uusuke ungali laini. Ukinyanyuka kumnyonyesha mtoto nusu saa, unarudi umekauka unakatika. Na ule wa rangi unashika vidole, na vidole hivyohivyo ndivyo vinavyomfuta mtoto mdomo. Cherehani ndiyo kabisa, mtoto wangu anashtuka hata mtu akifunga droo. Kofia ni kazi nyengine. Kiua kimoja kwa mkono wangu ni kama dakika mbili: unatoboa, unazungusha uzi pembezoni mwa tundu mpaka ufunge, basi, kimekwisha. Akilia unachomeka sindano na unakwenda. Ukirudi, hata kama ni kesho kutwa, unajua ulipofika. Kliniki walituambia kichanga hunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku moja, usiku na mchana. Wangu ni wa hizo 12. Anyonye, nimuweke begani acheue, nimbadilishe nepi, nimlaze, na chango kisipomsumbua atalala dakika 40. Toa chai yangu, toa kwenda chooni, usingizi mzuri ni viua kumi. Usingizi mbaya ni vitatu. Na kofia nzima ni mamia ya viua, kwa hivyo hesabu mwenyewe kwa nini yule bwana bado anavaa ya mashine.

Sasa duka. Arobaini ya uzazi niliikalia kwa mama, Bububu. Uji wa pilipili manga asubuhi, kukandwa, tumbo kufungwa kanga mpaka unashindwa kuinama, na bibi yangu yuko mlangoni kuhakikisha. Kwa bibi, mzazi hashoni. Macho yake yangali mabichi, akiyachosha sasa atayalilia uzeeni. Nilibishana naye wiki mbili. Mwisho akakubali nishone mchana tu, karibu na dirisha, na yeye amshike mtoto. (Mimi nadhani alitaka tu kumshika mtoto.)

Siku ya 19 uzi ukaniishia. Nikambandika mdogo wangu wa kiume kipande cha uzi kwenye karatasi kwa pini, nikampa elfu kumi, akapanda daladala namba 502 kwenda mjini. Ni mtoto wa skuli, hajui kiua wala bandi, ule mshono wa kushikanisha tabaka mbili za kitambaa, nikategemea ataniletea uzi wa kushonea magunia. Kumbe mzee alimuuliza, "Ni wa nani?" Akamjibu, "Wa dada yangu, kajifungua." "Mzazi wa siku ngapi?" "Kumi na tisa." Basi mzee akachukua mkasi.

Ule uzi wa kudarizi, watu huuita hariri lakini ni pamba tu, huuzwa kwa mafungu madogo ya mita 8, na ndani yake mna nyuzi sita nyembamba zilizokaa pamoja. Kwa kofia unazitenganisha, unashona na mbili. Kutenganisha huku ndiko kunakokula wakati: uzi unajisokota, unapiga fundo, mtoto ameshaamka nawe hujatia hata sindano. Mzee alizitenganisha zote mbilimbili, akazikata dhiraa moja na nusu kila kipande, maana zaidi ya hapo zinapiga mafundo, akazipitisha kwenye donge la nta, akazizungusha kwenye vipande vya boksi la sabuni. Vipande kumi na viwili. Mdogo wangu anasema alisimama pale mpaka miguu ikamuuma. Bei ilikuwa ileile ya mafungu, na chenji ilirudi kamili, ingawa sehemu ya chenji hiyo iliishia kwenye urojo, nilimuona midomo ya manjano.

Nilikaa na vile vipande vya boksi mapajani, nikalia. Mzazi hulia kwa chochote, hilo najua, lakini bado.

Ilipokwisha arobaini nikaenda mwenyewe. Nilimkuta akibishana na mwanamke mmoja juu ya vifungo vya kanzu. Nikampa shikamoo, nikamwambia mimi ndiye mzazi wa siku ya 19. Akaitikia marahaba, akauliza, "Na mgeni yuko wapi?" Yuko kwa bibi yake, nikamwambia. Akanuna kidogo, kama vile ndiye aliyekuwa akimsubiri.

Siku hiyo nilinunua kitambaa cha pili, maana cha kwanza kilikuwa kimeingia doa la uji. Bafta anaiuza namna mbili: iliyochorwa tu kwa penseli, shilingi 8,000, na iliyochorwa ikapigwa bandi, tabaka mbili zimeshashikana, shilingi 12,000. Zamani ningechukua ya 8,000 bila kufikiri, bandi ni kitu cha kupiga mwenyewe. Sasa ile 4,000 naihesabu ni usiku mbili nzima, nikalipa. Mchoro ni safi, mistari imelingana, na kipande cha duara cha juu kimekaa sawasawa na kile kirefu cha pembeni. Hilo si dogo. Niliwahi kununua kwengine, juu kukawa kudogo kuliko pembeni, kofia ikatoka kama kikapu. Namba anapima kwa inchi. Ya mume wangu ni 22 na nusu, mzee akaniandikia nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto kwa kuwa sikuwa na karatasi nyengine, na muuguzi mwezi huu akaniuliza hiyo 22 na nusu ndiyo nini.

Taa hauzi, na bora hauzi. Nilinunua kitaa cha kubana duka jengine, kikazima siku ya nne. Nimekulia Unguja, najua giza. Umeme wetu unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na ule wa zamani ulipoharibika Desemba 2009 tulikaa gizani mpaka Machi 2010. Nilikuwa skuli. Mama alimaliza kofia mbili kwa koroboi miezi hiyo, pua zetu nyeusi kila asubuhi. Lakini mama hakuwa na kichanga ubavuni.

Naeleza hili kwa sababu usiku kile kitaa kilipozima nilipoteza sindano. Nilikuwa na kawaida ya kutunga sindano kumi mchana, nazichomeka kwenye kipande cha kandambili kikuukuu, ili saa tisa za usiku nisihangaike kutafuta tundu. Zilitoka kumi, zikarudi tisa. Mtoto amelala hapo, kifua wazi. Nikamnyanyua, nikamkimbizia mama chumbani kwake, nikarudi nikaanza: shuka, mto, foronya, chandarua, kanga moja baada ya nyengine, nazipitisha mkono polepole huku naomba inichome. Mama kawasha simu, kasimama mlangoni. Tuliikuta karibu na alfajiri, imeingia kwenye pindo la kanga yangu mwenyewe niliyojifunga, imelala humo kama imeshonwa. Wiki nzima sikugusa kofia.

Nilipomhadithia mzee hakunipa pole. Alinigombeza mbele za watu, akaniuliza kama nimewahi kumuona muuza duka anayefunga bila kuhesabu pesa. Kisha akafungua droo ya meza akatoa sumaku nyeusi ya duara, ya spika ya redio mbovu, akaipitisha sakafuni mbele yangu. Ikainuka na pini tatu. Akanipa. Siku hizi nashona kwenye kiti, si kitandani, sindano moja tu kwa wakati, na kabla ya kulala sumaku inapita kila mahali. Mume wangu anaiona ni wazimu. Wacha aione.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza dogo: hapokei pesa za simu, na noti ya elfu kumi asubuhi humkasirisha. Nenda na ndogondogo.

La pili ndilo lililomnyima nyota. Uzi wangu ni wa maziwa. Mafungu ya mwanzo yakaniishia katikati ya kile kipande cha pembeni, nikarudi nikanunua mengine, rafu ileile, namba ileile. Usiku sikuona kitu. Mchana nikatoa kofia barazani: safu mbili ni maziwa freshi, ya tatu ni maziwa yaliyotiwa majani ya chai. Nikampelekea. Alivaa miwani, akaitoa nje juani, akakubali kuwa hazilingani, akanieleza kuwa uzi unaotiwa rangi siku mbili mbali hauwi rangi moja hata namba ikiwa moja. Vizuri, lakini hilo lisemwe siku ya kununua, si siku ya kufumua! Mtu ambaye alijua kunikatia uzi kwa dhiraa angejua kuniambia nichukue wote siku moja. Kurudisha pesa hakurudisha, kwa kuwa nilishaukata. Alinipunguzia mafungu mengine mawili, nami nikayachukua, kwa sababu yalikuwa ya rangi ya zamani, aliyachimbua chini kabisa ya rafu.

Ile safu ya chai sikuifumua. Ni viua 34, na kila kimoja najua mtoto alikuwa amelala upande gani. Itakaa nyuma ya kichwa, na mwenye kichwa hawezi kuiona.

Anafungua saa tatu asubuhi, anafunga kwa adhuhuri, anarudi saa kumi kama hakupata mgeni. Ijumaa usijisumbue. Kofia ikiisha, anazo kalibu za mbao. Unaifua, unaitia wanga, anakukaushia juu yake kwa 3,000. Hiyo sijaifikia. Jana usiku ilikuwa viua sita.