Nilimlipa fundi anikagulie Probox Malindi: uzoefu wangu

Nyota kwanza, kwa wenye haraka. Fundi aliyenikagulia gari nampa nne kati ya tano. Probox ya kwanza aliyoikagua haipati hata nusu, ingawa ilikuwa inang'aa kuliko viatu vya bwana harusi.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Malindi: harusi, arubaini, maulidi, na mikutano ya ofisi ikipatikana. Kwa miaka sita masufuria yangu yalikuwa yakipanda tuktuk. Pilau ya watu mia mbili ni tuktuk tatu, na ile ya tatu haifiki kamwe pamoja na wenzake. Mwaka jana zamu yangu ya chama ilipofika, nikaongeza akiba kidogo nikawa na laki saba. Gari la kupendeza sikulitaka. Nilitaka Probox: nyuma pana, spea zake hazisumbui kupatikana, na hakuna fundi pwani hii asiyeijua injini yake.

Ami yangu alijitolea kunikagulia bure. Yeye aliendesha Peugeot 504 za abiria enzi zake, na ukaguzi wake ni kupiga tairi teke, kusikiliza injini macho yamefumbwa, kisha kutamka "hii iko sawa". Nikamwomba aje, maana heshima ni heshima, lakini kando nikatafuta fundi wa kulipwa. Shilingi 3,000 kwa gari moja. Anakuja mwenyewe pale gari lilipo, na mashine yake ya kusoma kompyuta ya gari. Jina lake silitaji, sikumwomba ruhusa.

Sharti lake la kwanza alilitoa kwa simu. "Mama, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hatujafika. Nalitaka likiwa baridi." Nikadhani ni mbwembwe za fundi.

Tulifika Maweni saa moja asubuhi. Dalali yuko pale na kitambaa mkononi, anafuta kioo ambacho hakina vumbi. Fundi akamsalimia, akaweka mgongo wa kiganja juu ya boneti kama unavyompima mtoto homa.

"Limewashwa hili."

"Nililisogeza kivulini tu, kaka."

Saa moja asubuhi. Kivuli cha kukimbia jua gani, hakuna aliyeuliza.

Baadaye akanieleza. Injini iliyochoka husema ukweli wake ikiwa baridi, katika zile sekunde chache za kwanza. Kama cheni ya ndani ya injini imelegea utasikia inagonga hadi oili ipande. Kama sili za valvu zimekufa utaona moshi wa buluu unatoka puu, kisha unapotea. Ikishapata moto, inakaa kimya na adabu zake zote. Kwa hiyo ukikuta boneti ya moto, umekuta mtu ameshafuta ubao kabla hujausoma.

Dalali akaanza sifa. Gari lilikuwa la Mtaliano, aliliendesha Jumapili tu kwenda kanisani. Nimeishi hapa maisha yangu yote, na kwa hesabu ya madalali wetu Wataliano wa Malindi walimiliki Probox nyingi kuliko Japani yenyewe. Kisha akaongeza, kwa hiari yake, kwamba juzi tu wamebadilisha mkanda wa taimingi, ule unaofungua na kufunga valvu za injini kwa wakati wake. Fundi akatabasamu akiangalia chini. Injini hii ni 1NZ ya cc 1500, na haina mkanda wa taimingi hata mmoja. Kazi hiyo inafanywa na cheni ya chuma. Ukisikia mtu amebadilisha kitu ambacho gari halina, na mengine yote aliyosema yapunguze thamani.

Lililonifurahisha zaidi ni jambo ambalo hata mimi naweza kulifanya. Alizungusha ufunguo bila kuwasha injini, akaniita nitazame taa za dashibodi. Taa zote za tahadhari zinatakiwa ziwake hapo: oili, betri, na ile ya manjano yenye umbo la injini. Injini ikianza ndipo zizime. Taa ya injini ikikataa kuwaka kabisa, huenda kuna mtu ameing'oa balbu au ameiziba ili usiione ikilalamika. Kwetu iliwaka, ikazima vizuri. Ami akasema "si umeona?"

Fundi akachomeka mashine chini ya usukani. Hakuna kosa hata moja. Ami akasema "si umeona?" kwa mara ya pili. Lakini fundi akafungua ukurasa mwingine, akanionyesha orodha ya mambo ambayo kompyuta hujipima yenyewe gari likiwa linatembea. Karibu yote yalikuwa hayajakamilika. Maana yake kumbukumbu ya makosa imefutwa karibuni, au betri ilifunguliwa, na gari halijatembea vya kutosha kujipima upya. Hilo peke yake halithibitishi ubaya. Ila gari la "Jumapili tu" linafutwa kumbukumbu kwa sababu gani?

Mita ilisoma kilomita 96,000. Gari la 2012, limesajiliwa Kenya 2019, ukingoni mwa ile miaka minane ambayo gari likiipita haliruhusiwi kuingia nchini. Fundi hakuiangalia mita sana. Aliangalia pedali. Mpira wa breki ulikuwa mpya, una nembo mpaka harufu ya dukani, na wa mafuta ulikuwa umelika ukawa laini kama sabuni ya siku tano. "Mita hurudishwa kwa dakika chache," akasema. "Uliza gari lilikuwa likifanya kazi gani." Tukapiga hesabu pale pale: mtu akienda Mombasa na kurudi mara mbili tu kwa wiki, ni kilomita 480, na mwaka ukiisha amekaribia 25,000.

Jibu la kazi gani tulilipata nyuma ya gari, nalo ndilo lililonifanya niandike haya.

Fundi alifunua kapeti ya buti. Chini yake palikuwa pamepakwa rangi nyeusi nzito, mbichi bado, inanata. Akatoa bisibisi, akagonga taratibu: ti, ti, ti. Kisha sauti ikabadilika ikawa butu. Akasukuma kidogo, wala hakutumia nguvu, na ncha ikazama. Alipoichomoa nikaona mchanga wa barabarani kupitia tundu, na maganda ya kutu yamekaa juu ya bisibisi kama chembe za tambi zilizoungua. Akalala juu ya kipande cha boksi, akaingia chini na tochi. Mabomba ya breki kwa nyuma yamevimba kutu, fremu pembeni inabanduka.

Jua lilikuwa limeshapanda, milango imefungwa, na kile kinukizi cha ndimu kilichoning'inia kwenye kioo kikaanza kushindwa. Ami akaingiza kichwa ndani, akavuta pumzi.

"Nguru," akasema. "Na si wa leo."

Gari lilikuwa la samaki. Kutoka Ngomeni, kutoka Mambrui, tunayaona kila alfajiri: makasha, barafu, na maji ya chumvi yanayotiririka sakafuni safari nzima. Wengi wetu tukinunua gari tunaogopa injini. Injini hii nasikia hata haikuwa mbaya sana, na ikifa utapata nyingine ya mkono wa pili. Bodi iliyoliwa na chumvi hakuna duka linaloiuza. Malindi gari huozea chini, na wauzaji wengi huosha juu. Magari ya samaki, magari yaliyofanya kazi mashamba ya chumvi ya Gongoni, yanayolala ufukweni usiku kucha: hayo yakague ukiwa umelala chali. Ukiona rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu, iulize inaficha nini.

Dalali aliposikia tunaondoka alishusha elfu themanini papo hapo. Njia nzima ami alinung'unika, "elfu tatu za kuambiwa usinunue."

La pili tulilipata Muyeye, kwa mwalimu mstaafu. Bampa limebonyea, rangi ya paa imepauka kwa jua, na ndani kuna makombo ya wajukuu. Boneti baridi kabisa. Likawashwa: hakuna moshi, hakuna kugonga. Oili ya gea bado nyekundu, hainuki kuungua. Chini ya kifuniko cha oili hakuna ule utando wa maziwa unaoonyesha maji yameingia injini. Mashine ilipata kosa moja la zamani la sensa ya ekzosi, na fundi akalifurahia, maana halikufutwa. Ubaya ulikuwepo: shokabu za mbele zinavuja, bushi zimekwisha, na tairi zimeandikwa 1417, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2017. Akaandika bei za spea kwenye karatasi, mimi nikaenda nayo mezani. Kutoka 690,000 tukakutana 640,000.

Makaratasi sitayazungumzia sana. Kabla ya hela yoyote nilifanya msako wa gari kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa shilingi 550, nikaona jina ni la mwalimu peke yake, hakuna mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Fundi akalinganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya logibuku, hati ya umiliki wa gari. Mwalimu akaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nikaukubali kwenye yangu, tukiwa tumekaa kibaraza kimoja. Hela ikafuata.

Sasa ile nyota niliyoibakiza. Wiki tano baadaye, saa saba mchana, nimebeba keki ya harusi ya ghorofa tatu kwenda Gede. Eisi ikaanza kupuliza hewa ya moto kabla sijafika nusu ya njia. Ghorofa ya juu ilifika imeegemea upande kama mzee aliyesinzia, nikaitengeneza kwa kisu na maji ya barafu huku mama wa bibi harusi amenisimamia. Klachi ya kompresa, ile pampu ya eisi, shilingi 28,000. Nilipompigia fundi hakubisha. Alikuwa ameijaribu eisi saa moja asubuhi, wakati upepo wa bahari wenyewe unatosha, akaona inapoza. Alikuja kuliangalia bila kunilipisha, hilo nalisema kwa haki yake.

Tangu hapo nimetembea kilomita 11,000, na kilichoniharibikia ni hicho tu. Ami huwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyelichagua. Ukimwita fundi huyu, mwambie akishamaliza asubuhi arudi saa saba, awashe eisi mkae ndani nusu saa. Atalalamikia jua. Mwache alalamike.