Spana ya miguu mitatu ya kufungulia saa: nzuri, ila sio kwa kila mfuniko

Hii spana ya miguu mitatu, wengine wanaiita Jaxa, kwa mfuniko wa nyuma wa saa wa kukaza kwa kuzungusha kama wa chupa ndo ya kwanza kununua, unarekebisha miguu mpaka ikae kwenye vile vikato vya ukingoni mwa mfuniko afu unazungusha kinyume na saa inavyokwenda. Shida ya zile za bei rahisi ni ncha, chuma laini, ukikutana na mfuniko uliokaa miaka na jasho na uchafu ncha inapinda, inateleza, na mchubuko haufutiki. Yani hapo bora ungeacha tu.

Ila hata spana nzuri haifai kitu kama saa umeishika mkononi. Ifunge kwenye kishikilio cha plastiki, bana vizuri, gandamiza kwa chini huku unazungusha taratibu, maana nguvu ya kushuka ndo inazuia kuteleza. Ikigoma weka tone dogo la mafuta ya kulegeza kutu kwenye mstari wa mfuniko, iache usiku kucha, dogo jamani, likiingia ndani kwenye mashine ni kilio.

Mpira wa kunata, ule wa duara unaougandamiza kwenye mfuniko na kuzungusha, nao usiudharau, haukwaruzi kabisa, mimi naanza nao kila mara, ila mfuniko ukiwa umekazwa sana hauna ubavu.

Na angalia kwanza, kama mfuniko hauna vikato na kuna kijipengo pembeni huo ni wa kubana, hauzungushwi, hapo tumia kisu chake cha kubandulia. Saa ya Rolex Oyster nayo mfuniko wake una meno kuzunguka, unataka kifaa chake.

Spana naipa 4 kwa 5, ncha za akiba nunua kabisa.