Maoni ya mzazi: darasa la ziada la Hisabati kwa kidato cha kwanza, Morogoro

Binti yangu alipoingia kidato cha kwanza, Hisabati aliyoipenda tangu darasa la nne ilimgeuka ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu somo alilolizoea kwa Kiswahili kwa miaka saba sasa lilifundishwa kwa Kiingereza, na alipokuwa bado anatafuta maana ya neno moja wenzake walikuwa wameshavuka swali. Jirani alinielekeza kwa mwalimu anayefundisha darasa la ziada kwenye baraza la nyumba yake, jioni tatu kwa wiki, kwa ada ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Mtoto amesoma hapo kwa miezi saba, nami nimekaa pembeni ya baraza hilo mara nyingi kiasi cha kuweza kuandika maoni haya.

Jambo lililonifanya nimwamini mwalimu huyu nililiona siku ya kwanza kabisa. Binti yangu aliitwa ubaoni kujumlisha nusu na theluthi, akajumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini), akaandika mbili ya tano. Nilitarajia alama ya kosa. Mwalimu hakuandika kitu, bali alimwuliza kwa upole, "Umefikaje hapo?", akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akachukua chungwa, akalikata na kumpa nusu, akamwambia, "Nusu unayo mkononi, nami nakuongezea theluthi. Jibu lako linasema sasa una pungufu ya nusu. Imekwenda wapi?" Mtoto alilitazama chungwa, akautazama ubao, akafuta jibu lake mwenyewe. Tangu siku hiyo nimesikia swali hilo likiulizwa hata kwa mwanafunzi aliyepata jibu sahihi, maana mwalimu anaamini kwamba jibu ambalo mwenyewe hawezi kulieleza bado hajalimiliki.

Kuhusu lugha, hajifanyi kwamba miaka saba ya shule ya msingi haikuwapo. Upande wa kushoto wa ubao huandika maneno ambayo watoto wamekuja nayo, namba tasa, KDS (kigawe kidogo cha shirika), KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na MAGAZIJUTO, na upande wa kulia huandika istilahi za Kiingereza watakazokutana nazo kwenye mtihani, kisha huwaachia watoto wenyewe waunganishe kwa mstari. Binti yangu alikuwa akiamini kwamba BODMAS ni kanuni mpya kabisa ya sekondari, na siku alipogundua kuwa mpangilio wake ni uleule wa MAGAZIJUTO, yaani mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa, alioukariri darasani miaka yote, alirudi nyumbani akiimba. Nadhani watoto wengi tunaowaita wazito wa Hisabati wamekwama mahali hapa tu.

Mwalimu huyu ameajiriwa katika shule ya sekondari, na hapokei mwanafunzi yeyote wa shule yake katika darasa hili la kulipia. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Mama, nikimfundisha nusu asubuhi ili anilipe jioni kwa nusu iliyobaki, nitamtazamaje?" Wanafunzi wake hao huwafafanulia bure baada ya vipindi, hukohuko shuleni. Wazazi tunajua jinsi msimamo huu ulivyo adimu, na mimi nauhesabu kuwa sehemu ya ubora wa huduma, kwa sababu mtoto anayekaa mbele ya mtu wa namna hiyo hujifunza zaidi ya sehemu na desimali.

Fimbo haipo barazani. Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni nchini mwetu humruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kutoa viboko visivyozidi vinne, na ninawafahamu watu wema wanaoamini kwamba bila hivyo darasa haliendi. Hapa linaenda. Watoto huamkia, mwalimu huitikia marahaba na kumwuliza kila mmoja habari za kutwa, na anayechelewa hukaa bila kuaibishwa, ila baadaye huitwa kando na kuulizwa kulikoni. Siku moja mwalimu mwenyewe alikosea alama ya kutoa, mtoto wa nyuma akamsahihisha, naye akashukuru na kumwita aje aandike mstari ule upya.

Zipo kasoro ambazo mzazi anapaswa kuzijua kabla ya kulipa. Mwendo ni wa polepole, na mada moja inaweza kuchukua majuma mawili, kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili anayetaka kufanyishwa mitihani iliyopita mfululizo kabla ya upimaji wa kitaifa hatapata hapa anachokitafuta. Baraza huwatosha watoto kumi na wawili kwa shida, mvua ikinyesha kwa upepo madaftari hulowa, na umeme ukikatika somo huishia hapo na kipindi hakifidiwi. Hakuna taarifa ya maandishi ya maendeleo ya mtoto. Nimeiomba mara mbili, na ninaendelea kuiomba.

Kwa mtoto wa kidato cha kwanza aliyeanza kuliogopa somo, sijaona mahali pazuri zaidi hapa mjini. Mzazi afike mapema mwezi wa kwanza, kwani nafasi hujaa haraka, na aombe kukaa pembeni ya baraza jioni moja kabla ya kuamua, mwalimu hakatai.