Inspekta na mchoraji: nilivyokisoma Artists in Crime cha Ngaio Marsh

Nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam, jalada limepauka na kurasa za mwanzo zimeshaanza kuachia gundi. Nilikichukua kwa ajili ya jina tu. Mimi ni mchoraji, na chochote kinachotaja wachoraji hunivuta mkono. Sasa nimekisoma mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyonishika zaidi.

Ngaio Marsh alikuwa mwenyeji wa New Zealand, na alisomea uchoraji Christchurch kabla ya kuwa mtunzi wa riwaya za upelelezi. Hicho kisomo kinaonekana mapema kabisa. Roderick Alleyn, inspekta mkuu wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, anarudi Uingereza kwa meli. Meli inapoondoka Suva, kule Fiji, anamkuta mwanamke sitahani kakazana kuchora gati kabla halijapotea machoni. Huyo ndiye Agatha Troy. Yeye ana kazi ya kumaliza, na huyu bwana amekuja kumsumbua. Basi, mapenzi yao yanaanzia hapo, kwenye usumbufu.

Baadaye kila mmoja anaandika barua: Alleyn kwa mama yake, Troy kwa rafiki yake mchoraji. Ukizisoma barua zile unawaona wote wawili wanavyojikwaa, huku kila mmoja anaamini mwenzake hamtaki.

Tena Troy anamchora Alleyn. Hapo niliweka kitabu chini. Niliwahi kumchora mtu niliyempenda kabla hajajua kwamba nampenda, na najua saa mbili za kazi ile zilivyo. Unahesabu mikunjo ya jicho. Unaona taya likikaza anapokumbuka jambo asilotaka kulisema. Unamchunguza mtu kama polisi, naye amekubali kuchunguzwa. Marsh amelielewa hilo. Watu wake wawili wana kazi moja, kutazama, ila mmoja anashika brashi na mwingine daftari.

Mauaji yanatokea nyumbani kwa Troy, Buckinghamshire, anakofundisha kikundi cha wachoraji. Msichana anayewakalia wamchore, Sonia, anauawa jukwaani mbele yao. Kisu kimekazwa chini ya mbao, ncha imeelekea juu kwenye ufa, na kitambaa kimefunika. Analazwa kwenye mkao wake wa kila siku, basi. Nilisisimka, kwa sababu nasi hutia alama za chaki jukwaani ili mkao usihame. Desturi ileile ya kazi ndiyo iliyomwonyesha muuaji mgongo utaangukia wapi. Tena wanafunzi walikuwa wameshaijaribu hila hiyo wenyewe, kwa mjadala tu, kwa hiyo karibu darasa zima linaijua.

Na anayekuja kupeleleza ni Alleyn.

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nikipende kitabu. Alleyn hamwondoi Troy kwenye orodha ya washukiwa kwa sababu moyo wake umeshakwenda. Anamhoji kama wengine. Jicho lililokuwa likimtazama kwa haya melini sasa linapima kama anasema kweli, na Troy analiona hilo na kuumia. Nilimwonea uchungu, lakini nisingetaka Alleyn afanye vingine. Angempendelea, nisingemwamini tena, si kama askari wala kama mpenzi.

Kasoro zipo. Wanafunzi ni wengi na wanaingia kwa mkupuo. Ilinibidi niandike majina kwenye karatasi: Malmsley, Ormerin, Hatchett, Garcia, Pilgrim, Seacliff. Mahojiano ya katikati yanachosha, na kijana wa Australia anasemwa kwa dharau ya tabaka iliyonikera. Kitabu ni cha 1938, lakini hilo halikunifanya nilimeze.

Kama unatafuta harusi ukurasa wa mwisho, hapa hutaipata. Troy hajawa tayari, na Alleyn hamsukumi. Jibu la Troy linakuja katika kitabu kingine cha Marsh, Death in a White Tie, kilichotoka mwaka huohuo. Nimeshamwagiza muuza vitabu anitafutie, kaniambia nipite Jumamosi.