CD ya Troilo: mnawezaje kumnyima mtu mwisho wa wimbo?

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, na leo nimeisikiliza tena, basi acha niseme.

Nilinunua huu mkusanyiko wa Aníbal Troilo, kiongozi wa orkestra wa Argentina, kwa ajili ya wimbo mmoja tu, "Garúa". Zile nyingine kwangu ni nyongeza. Kwa asiyeujua: ni wimbo wa tango, ule muziki wa dansi wa Buenos Aires, wa mwaka 1943, muziki wa Troilo mwenyewe, maneno ya Enrique Cadícamo, mwimbaji Francisco Fiorentino. Usiku wa manyunyu, mwanamume anatembea peke yake kando ya barabara, taa zinang'aa hafifu juu ya lami. Yule mwanamke keshamsahau, yeye bado anazunguka gizani; kadiri anavyomtafuta ndivyo anavyozidi kulitaja jina lake. Kumekuwa kutupu kiasi kwamba hata polisi wa pale kwenye kona kajiondokea zake. Huyo polisi ndiye aliyenifanya nimpende Cadícamo. Mshairi mwingine angeleta mwezi.

Sasa sikia walichofanya. Wimbo unakwenda vizuri, bandoneoni (vile vinanda vya mkononi vya kuvuta na kubana) zinavuta, fidla zinaitika, unafika mwisho pale orkestra inapotaka kufunga, ghafla sauti inaanza kufifia. Inafifia, inafifia, kimya. Wimbo unaofuata umeshaanza. Tango lina namna yake ya kufunga, yale mapigo mawili ambayo kila mpenzi wa muziki huu anayasubiri, nao wameyafuta! Mnaokoa sekunde ngapi jamani? Santuri za wakati ule, zile za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Troilo na wenzake walishaubana wimbo hadi ukaenea humo. Hapakubaki cha kupunguza.

Na msiniambie kwamba ndivyo ulivyorekodiwa. Nakala nyingine iliyonakiliwa kutoka kwenye santuri kuukuu ipo intaneti, ina mikwaruzo mitupu, lakini mwisho wake upo. Tena ile mikwaruzo ina nafuu, maana hawa wameisafisha sauti kama mchele uliokobolewa mpaka kiini kikatoka. Pumzi ya bandoneoni huisikii. Kwenye safu ile ya bandoneoni alikuwapo Astor Piazzolla, aliyekuja kuwa mtunzi maarufu wa tango, wakati huo kijana wa miaka 22, naye wamempitishia brashi.

Nikawaandikia wauzaji kwa adabu zote. Jibu lilichelewa sana, likaja limeanza na "mteja wetu mpendwa", kisha nikaelezwa kwamba nyimbo za zamani zina kasoro zake, na kama napenda sauti safi ninunue muziki wa kisasa. Muziki wa kisasa! Mimi nimelalamikia mwisho uliokatwa, wao wananijibu usafi. Nikaandika tena, nikaeleza dakika na sekunde pale panapofifia. Kimya mpaka leo. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Kosa la mitambo ningelisamehe.

Nilikuwa nimeamua kutoa nyota moja na kuwaambia msinunue. Tatizo ni Fiorentino. Waimbaji wa orkestra walizoea kupewa kiitikio kifupi katikati, wakaimba, wakakaa. Troilo alimwachia nafasi ya kusimulia, na mtu huyu hapigi kelele hata kidogo, anaimba kama aliyechoka kutembea. Hata baada ya kufuliwa na kukobolewa, bado ananisimamisha. Nilikuwa jikoni napika siku moja, wimbo ukaingia, kitunguu kikaungua. Kwa hiyo nisiseme uongo, naisikiliza karibu kila jioni. Ukiwa huna nakala nyingine, hii itakufaa, na nyimbo kadhaa za mwanzoni hazijaguswa mwisho wake.

Halafu inafika ile sehemu, sauti inaanza kushuka, damu inapanda upya. Cadícamo aliandika kwamba hata mbingu zimeanza kulia. Mimi namlilia aliyeshika kitufe.

Nyota mbili basi. Haya, tatu, ila zote tatu ni za Buenos Aires. Aliyeandika "mteja wetu mpendwa" asiguse hata robo, na fedha yangu bado naidai.