Cheti cha uchambuzi wa data cha Google: uzoefu wangu kama mhasibu wa duka la vipuri

Kama tayari uko kazini na kila mwisho wa mwezi unarushiwa mafaili ya mauzo uyatolee ripoti, kozi hii itakulipa. Kama huna kazi na unategemea cheti kikakutafutie, hela yako itunze kwanza usome mpaka chini.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni inayosambaza vipuri vya pikipiki na bajaji. Stoo yetu iko Kariakoo, wateja wengi wako mikoani. Nilichoka kuingiza ankara, nikataka kuhamia upande wa kuchambua. Niliyosoma ni Google Data Analytics, inayopatikana Coursera, tovuti ya masomo ya mtandaoni, tangu 2021. Wakati wangu ilikuwa na kozi nane, zote nilizifanya kwa Kiingereza.

Malipo ni ya mwezi kwa mwezi. Bei ya Marekani ni dola 49, na siku saba za mwanzo ni bure. Google wenyewe wanakadiria miezi sita kwa mtu anayesoma chini ya saa 10 kwa wiki, kwa hiyo ukijikokota unajiongezea bili. Anayeijua Excel atazipita kozi za mwanzo bila jasho. Kuna msaada wa ada, ila unaombwa kozi moja moja na majibu yanasubiriwa. Video zinashushwa kwenye programu ya simu. Nilizishusha kwa waifai ya ofisini nikaziangalia kwenye mwendokasi, siku nilizobahatika kupata siti.

Mafunzo yenyewe yamepangwa kwa hatua sita: kuuliza, kuandaa, kusafisha, kuchambua, kuwasilisha, kisha kuchukua hatua. Mwanzoni hiyo hatua ya kuuliza niliiona maneno matupu. Nilitaka SQL, ile lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, nimekuja kwenye kompyuta bwana, si kwenye semina! Lakini ndiyo iliyonibadilishia kazi. Bosi wangu alikuwa akiniagiza kila mwezi, "Nipe wateja kumi bora," nami namtolea waliobeba mzigo mkubwa. Safari hii nikamuuliza: bora kwa kubeba au kwa kulipa? Sisi tunatoa sana mali kauli. Nikahesabu siku kati ya ankara na malipo kwa kila mteja, na aliyekuwa juu kabisa kwenye orodha ya bosi, mzee mmoja wa Kanda ya Ziwa anayebeba cheni na spoketi kwa maboksi, akaporomoka hadi karibu na mkia. Bosi alikaa kimya kidogo, akaniambia nimchapie ile karatasi.

Kazi ya mwisho ya kozi ni uchambuzi kamili unaoufanya mwenyewe. Niliichagua ile ya baiskeli za kukodi za Chicago. Data ni ya kweli, ya huduma ya Divvy, ila kampuni imepewa jina la kubuni, Cyclistic. Swali ni moja: wenye uanachama wa mwaka wanatumiaje baiskeli tofauti na wanaokodi mara moja moja? Mafaili ya miezi 12 yanazidi safari milioni 5, na shiti moja ya Excel inakomea mistari 1,048,576. Hapo ndipo unaelewa kwa nini walikufundisha SQL na R, lugha ya programu ya takwimu. Humo ndani kuna safari zilizoisha kabla hazijaanza, kuna vituo visivyo na majina, na hakuna wa kukuambia ufute au uache. Unaamua mwenyewe na kuandika sababu. Wakodi wa mara moja moja wanakaa na baiskeli muda mrefu zaidi na wanajaa wikiendi. Wanachama wanakwenda kazini na kurudi. Jibu lenyewe halishangazi mtu. Kazi iko kwenye kulifikia.

Nidhamu ile ndiyo niliyoileta kwenye mafaili yetu, ambayo ni machafu kuliko ya Chicago. Mteja mmoja yuko kama "Mama Neema", "MAMA NEEMA SPEA" na "Neema Tabora". Halafu kuna tarehe. Kwetu 03/04/2023 ni tarehe 3 Aprili, lakini kompyuta iliyowekwa mipangilio ya Marekani inaisoma 4 Machi bila kulalamika. Ikikuta 17/04/2023 inashindwa, maana hakuna mwezi wa 17, basi inaiacha kama maandishi. Ukiona kwenye safu moja tarehe nyingine zimeegemea kulia na nyingine kushoto, simamisha kila kitu. Jumla yoyote ya mwezi utakayoitoa hapo ni ya uongo.

Sasa upungufu. Kozi niliyoifanya ilifundisha Tableau, programu ya kuchora chati na dashibodi, na R. Nenda kasome matangazo ya kazi za mjini hapa: Excel, Power BI (programu ya Microsoft ya ripoti na dashibodi), SQL. R utaikuta kwa watafiti. Tena kwenye Tableau Public, ile ya bure, unachochapisha huwa wazi kwa dunia nzima, kwa hiyo usithubutu kupandisha madeni ya wateja wa kampuni yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, hayo si mambo ya kuanika.

Pengo hilo la Power BI nilijaribu kulijaza kwa darasa la wikiendi kwenye chuo kimoja cha mjini, jina nalihifadhi. Mwalimu alisoma slaidi, sisi tukapiga picha slaidi. Kompyuta tuliambiwa zinakuja. Cheti chake kina muhuri wa dhahabu na kiko kabatini.

Kilichonisaidia ni masomo ya bure ya Microsoft Learn, halafu mtihani wa PL-300, ule wa mchambuzi wa data wa Power BI. Huu ni mtihani hasa, tofauti na cheti cha Google ambacho unakipata kwa kumaliza kozi na majaribio yake. Una dakika 100, na kufaulu ni alama 700 kati ya 1000. Cheti kinadumu mwaka mmoja, ila kukihuisha ni bure mtandaoni. DAX, lugha ya fomula za Power BI, ilinitoa jasho, hasa fomula ya CALCULATE. Ukiielewa hiyo, mengine yanafuata. Kuna pia CBDA, cheti cha IIBA, taasisi ya kimataifa ya wachambuzi wa biashara, kinachopima zaidi namna ya kuuliza swali la biashara na kuishauri menejimenti. Hicho naona ni cha mtu aliyekwisha kukomaa kazini, mimi sijakigusa.

Kuhusu ajira. Nimeshaitwa kwenye usaili wa taasisi ya mikopo midogo. Cheti walikiona kwenye wasifu wangu, hawakukiuliza. Walinipa faili la marejesho na saa moja, wakataka dashibodi ya ukurasa mmoja. Halafu maswali yote yakawa juu ya mradi wangu binafsi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, kwenye PDF. Nilizivuta kwa Power Query, zana ya kuvuta na kusafisha data iliyomo ndani ya Excel na Power BI, na kuzipanga ziwe jedwali moja refu, mtu achague mji aone bei ilivyopanda na kushuka. Mmoja wao alitaka Tunduma, akabofya mwenyewe, wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu usafiri. Nadhani hapo ndipo nilipopata kazi. Naanza mwezi ujao.

Kwa hiyo ukiniuliza mpangilio: Google kwanza, tena kwa kasi, usilipie miezi ya kulala. Kazi ya Chicago ifanye mpaka mwisho, usiiruke, najua wengi wanairuka. Kisha Power BI, na mradi wa data ya kwetu ambao msaili anaweza kuubofya. PL-300 ilipie ukishakuwa na huo mradi. Kozi ya Google naipa nne kati ya tano, na iliyokatwa ni ya Power BI.

Wenye Mac: Power BI Desktop ni ya Windows tu. Tafuta mashine kabla hujalipia mtihani.