Lushoto: ule sokoni au uende Irente?

Ukipanda kutoka Mombo, kilomita 33 za kona tupu, njaa itakupeleka sokoni kwanza. Wali maharage ni wa moto na bei nafuu. Mapeasi na mapichi, msimu ukiwapo, hupangwa mafungu. Unarudi Tanga? Chagua magumu yanayoanza kubadilika rangi. Yaliyoiva hubondeka garini, kisha joto la pwani huyamalizia. Yapange kwenye tenga, mfuko wa salfeti huyaponda.

Irente, shamba lililo kama kilomita 5 kutoka mjini, ni mwendo wa mguu wa saa moja na ushei, tena wa kupanda. Kwa zawadi inalishinda soko: jibini, jemu, mkate wa rai (nafaka jamii ya ngano). Jibini ifunge kwa karatasi. Kwenye plastiki hutoa jasho na kuota ukungu.